Juzi ya Baba Mkwe

Nilimjua baba mkwe wangu kwa kikohozi chake kabla sijamjua kwa kitu kingine. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa na sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu, upande wa Igowole, mkwe ni mtu wa heshima, lakini unampa maji ya kunawa, unamwamkia, maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa wa milimani kule Rungwe, nilikoolewa, mambo yalikuwa mengine. Mke wa mtoto akimwona baba mkwe anakuja, anatoka njiani, anachuchumaa na kujifunika khanga mpaka apite. Haingii chumba alichomo. Hamsemeshi. Hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo, na kwa sababu hiyo kulikuwa na kitu kimoja cha jikoni ambacho mimi nilikitaja kwa kuzunguka, mpaka wageni walidhani Kinyakyusa changu bado kibovu.

Wakristo wa mjini walikuwa wameanza kulegeza mambo hayo, na mume wangu hakuyajali sana. Mzee aliyajali. Alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini hili la mkwe alisema halimhusu mchungaji.

Katika miaka hiyo ya hamsini mume wangu alikuwa kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na ndugu zake wawili. Mimi nilipanga chumba Mbeya mjini, nikishona nguo kwa cherehani ya kukodi. Ndiyo maana, mzee alipougua, mtu wa karibu na hospitali nilikuwa mimi.

Kwanza kilikuwa kidonda. Kilitokea ndani ya mdomo wa chini, upande wa kushoto, palepale alipozoea kubana ugoro wake. Kilikataa kupona. Walimkata hospitali ya Mbeya, kipande kikapelekwa kupimwa Dar es Salaam, jibu likarudi kwamba ni kansa, lakini imeondolewa yote. Mama mkwe alikaa kwangu siku zile, mzee akalala wodini, na mimi nilipika chakula na kukiacha mlangoni mwa wodi. Alipona. Akarudi kwenye migomba yake na kahawa yake.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi, walikuja tena wote wawili. Mama mkwe aliingia kwangu peke yake, mzee akabaki barabarani akiwa amenipa mgongo. Mama alikaa kwenye kigoda bila kufungua mzigo. Akaweka kidole chini ya taya lake, upande wa kushoto, akasema kwa Kinyakyusa kwamba daktari ametoka kumshika mzee hapo sasa hivi, na uso wake haukuwa mzuri.

Yule daktari wa Mbeya alinieleza mwenyewe mchana ule. Kansa ya mdomo, alisema, ikitoka pale inapoanzia hushukia kwanza kwenye matezi ya chini ya taya na ya shingo, na mzee alikuwa na uvimbe mahali hapohapo, upande uleule. Yeye hakuweza kuikata shingo. Kulikuwa na daktari mpasuaji Iringa. Twende upesi.

Mama mkwe hakujua Kiswahili hata cha kuulizia njia. Mzee alijua kidogo, cha kazi, alichokiokota ujanani alipokuwa kibarua mashambani. Nilifunga cherehani, nikaazima shuka kwa jirani, tukapanda basi la asubuhi. Mzee alikaa mbele karibu na dereva, mama katikati, mimi nyuma kabisa na khanga nimejitanda hadi machoni, watu wakidhani nakwepa vumbi. Tulipofika Igawa basi lilisimama, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Mama alimpelekea mzee hindi moja. Niliona kwa mbali mkono wake ukilipokea, kisha ukalirudisha bila kuliuma. Kutoka pale hadi Iringa sikula na mimi.

Hospitali ya Iringa wodi ya wanaume ilikuwa ndefu, yenye vitanda pande mbili. Kati ya kitanda na kitanda waliweza kusogeza kiwambo cha kitambaa. Nilimwomba nesi akiweke kimoja, na nikamweleza kwa nini. Alikuwa Mhehe, mwanamke mkubwa kuliko mimi, mwenye sura ya kutochezewa. Alinitazama kama mtu anayesikia jambo la nchi nyingine, lakini akakisogeza. Basi mzee akawa upande ule na mke wake, mimi upande huu, nimesimama karibu na ukuta.

Daktari alikuwa Mzungu wa makamo. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, kila neno mahali pake, lakini kilikuwa cha kujifunza kitabuni. Nilisikia akimwamkia mzee, akimwomba afungue mdomo. Halafu akauliza uvimbe huu ulianza lini.

Nilijiandaa kumtafsiria mama ili amuulize mzee. Lakini mzee alikuwa amelielewa swali na hakutaka kusemewa na wanawake.

"Juzi," alisema.

"Juzi?" daktari akauliza.

"Juzi, bwana. Juzi tu."

Nikasikia kalamu ikiandika.

Baadaye daktari alikuja upande wangu. Alisema kovu la mdomoni ni zuri, hakuna kidonda kipya. Ila uvimbe ni mgumu, na kama umetokea juzijuzi baada ya kidonda, basi ni kansa iliyoshuka. Itabidi kupasua shingo upande wote wa kushoto, kutoka chini ya sikio hadi kwenye mtulinga, kuondoa matezi yote pamoja na msuli na mshipa mkubwa. Tena, akasema, kifua cha mzee si kizuri. Wapo wasioamka kwenye upasuaji kama huo. Lakini asipopasuliwa uvimbe utakua, utatoboka nje, na ataondoka kwa mateso. Upasuaji ni kesho, mchana, baada ya mgonjwa mwingine.

Niliyabeba maneno hayo hadi nje, kwenye banda ambako ndugu wa wagonjwa walipikia. Nilimweleza mama mkwe yote isipokuwa lile la kutoamka, nalo akaliuliza mwenyewe. Nikalazimika kulisema.

Mama hakulia. Aliendelea kumenya ndizi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na moshi wa kuni mbichi ulituingia machoni, kwa hiyo hata angelia nisingejua. Baada ya muda alisema basi wamkate, kitu chenyewe amekichoka. Kila akimnyoa ndevu, wembe unafika pale unabidi kuzunguka. Nikauliza, bila kufikiri, ameanza kuuzungusha wembe lini.

"Muda mrefu," alisema. "Mume wako alikuwa anachunga ndama."

Niliacha kuchochea moto. Nikamuuliza kama ana hakika ni kitu hikihiki. Alikasirika kidogo. Alisema yeye ndiye anayemnyoa, hakuna mwingine. Mwanzo kilikuwa kama punje ya haragwe, ndani ya nyama, kinateleza ukikigusa. Kikakaa hivyo miaka na miaka. Kimekua polepole sana, sasa ni kama yai la njiwa. Mzee hakuwahi kulalamika kwa sababu hakikumuuma. Na daktari wa Mbeya hakukiona safari ile ya kidonda? Mama alisema wakati ule mzee hakutaka kunyolewa kwa sababu ya kidonda, ndevu zilikuwa nyingi, na hakuna aliyemuuliza habari ya shingo.

Mume wangu alichunga ndama wakati vita vya Hitler vinaanza. Nilikaa pale nikihesabu kichwani. Mzee aliposema juzi, hakudanganya. Kwa wazee wa kule kwake, kila kilichokuja baada ya Wajerumani kuondoka kilikuwa juzi. Barabara ya magari ilikuwa juzi. Mimi mwenyewe niliolewa juzi. Na yule daktari, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, alikuwa amesikia siku ya kabla ya jana.

Sikujua kama jambo hilo lina uzito wowote wa kidaktari. Nilijua tu kwamba ameandika kitu ambacho si kweli, na kwamba kesho atakata kwa kufuata alichoandika. Nilikimbia wodini kumtafuta nesi. Alisema daktari amekwenda nyumbani, nije asubuhi.

Asubuhi nilifika mapema kumngoja daktari, mama akaenda mtoni kufua mashuka ya mzee, kwa kuwa zamu yetu ilikuwa mchana. Hazijapita dakika nyingi nikaona watu wanahangaika kwenye ukumbi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ameamka na homa kali na hawezi kupasuliwa. Zamu ikasogezwa. Walimtoa mzee wodini juu ya kitanda cha magurudumu, wakampitisha karibu kabisa na nilipokuwa. Niligeukia ukuta na kujifunika. Nikasikia magurudumu yakipita, na kile kikohozi.

Nilimfuata nesi nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikamwambia uvimbe si wa juzi, ni wa miaka mingi, mke wake ndiye anayejua. Akauliza mke wake yuko wapi. Nikasema mtoni. Nesi alisimamisha kitanda mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, akainama kwa mzee.

"Baba, uvimbe huu umekuwa nao tangu lini?"

"Juzi," alisema mzee.

Nesi akanigeukia. Hakuwa na ubaya, lakini alikuwa na haraka. "Dada, mwenyewe anasema juzi."

Daktari alitoka na aproni ameshaivaa. Nesi alimweleza. Alikuja akasimama kando yangu, mimi nikiwa bado natazama ukuta, akaniuliza nini hasa nimesikia. Nilimwambia habari ya wembe na ya ndama. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kidonda cha mdomo kina mwaka mmoja na kidogo. Kama uvimbe ulikuwepo miaka mingi kabla ya kidonda, basi haukuzaliwa na kidonda hicho, na huenda ni kitu kingine kabisa. Chini ya taya kuna tezi inayotengeneza mate, nayo huota uvimbe wake wenyewe, usio kansa, unaokua polepole bila maumivu. Lakini hawezi kubadilisha upasuaji kwa habari iliyopitia kwa watu wawili, wakati mgonjwa mwenyewe anakataa.

"Muulize wewe," alisema. "Kwa lugha yake."

Nilimwambia siruhusiwi kumsemesha. Hakubisha. Nadhani nesi alikuwa amemweleza kuhusu kiwambo. Halafu akasema mtu wa dawa ya usingizi anangoja ndani, kama tutamngoja mama sawa, ila hawezi kungoja sana.

Nilitazama njia ya mtoni. Hakukuwa na mtu.

Sikumgeukia. Nilibaki na uso ukutani, khanga kichwani, nikasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu: "Baba, unisamehe. Mtoto wako mkubwa alipokuwa anachunga ndama, kitu hicho kilikuwa hapo?"

Nilisikia blanketi likivutwa, na baadaye nesi aliniambia kwamba mzee alijifunika uso na kugeukia upande wa pili. Tulikuwa hivyo, yeye kwenye ukuta wake na mimi kwenye wangu, na wageni wawili katikati yetu. Nilifikiri nimeharibu kila kitu, kwamba atamwambia daktari ampeleke ndani amalize.

Aliponijibu, alisema na ukuta.

"Kilikuwepo. Nilimwambia hivyo. Juzi."

"Kabla ya vita vya Hitler au baada?"

"Walipokuwa wanaandikisha vijana. Kilikuwa kidogo."

Nilitafsiri.

Daktari alivaa glavu akamrudia mzee, na sasa ilibidi mimi niendelee, kwa sababu alikuwa na mengi ya kuuliza na hakuna mwingine wa kuyafikisha. Aonyeshe meno. Apulize mashavu. Atoe ulimi. Mimi, mke wa mtoto, nilimwamuru baba mkwe wangu atoe ulimi mbele ya watu, na alikuwa akitii. Je, anasikia akiguswa ulimi upande wa kushoto? Anasikia. Kinauma? Hakiumi. Daktari alimwingiza kidole mdomoni, chini ya ulimi, na kwa mkono wa pili akabonyeza kutoka nje chini ya taya. Nesi ndiye aliyenieleza baadaye nini kilikuwa kinatafutwa: uvimbe ukiwa ndani ya tezi ya mate, kidole cha mdomoni na vidole vya nje huushika pamoja, unacheza katikati. Matezi yaliyoingiwa na kansa hukaa kwa nje, na mara nyingi yamejishika na taya au ngozi, hayasogei.

"Unasogea," daktari alimwambia nesi. Akashika shingo yote, pande zote mbili, polepole, akarudia.

Kisha alinijia. Alisema uvimbe unaonekana kuwa wa tezi ya mate, na mishipa ya uso na ulimi inafanya kazi vizuri, jambo ambalo ni jema. Lakini nisimwambie mama kwamba si kansa. Macho na vidole havitoshi. Mtu anaweza kuwa na uvimbe wa zamani usio na neno na bado kansa ikawa imejificha kwenye tezi jirani. Leo ataondoa tezi ile nzima na uvimbe wake, bila kuupasua, pamoja na matezi madogo yaliyo karibu. Vyote vitapelekwa Dar es Salaam. Wakisema ni kansa iliyoshuka, mzee atarudi kupasuliwa shingo. Wakisema siyo, basi yameisha.

Mama alirudi na mashuka mabichi kichwani akakuta mlango umefungwa. Tulikaa chini ukumbini. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kwamba nimemsemesha. Nilitegemea anikaripie. Alinishika goti, akaacha mkono pale mpaka mlango ulipofunguliwa.

Aliamka. Kifua kilimsumbua siku kadhaa lakini aliamka. Kilichotutisha ni mdomo: alipojaribu kuongea, pembe ya kushoto ya mdomo wa chini haikushuka sawa na ya kulia, na uji ulimtoka. Mama aliona kwamba ugonjwa umepanda usoni. Daktari alisema kuna mshipa mwembamba unapita palepale alipokata, umechokozwa, labda utarudi hali yake. Mama hakuamini, na mimi nilijifanya naamini.

Majibu yangechukua majuma, na kurudi Mbeya halafu Iringa tena nauli hatukuwa nayo. Tuliomba lori lililokuwa likipeleka mbao upande wa Mufindi litushushe Igowole, nyumbani kwa wazazi wangu. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko hospitali. Baba yangu ni Mbena, mtu wa kucheka na wageni, na kwake ilikuwa aibu mgonjwa kulishwa kwenye kibanda cha pembeni. Mzee naye hakuweza kulala kwenye nyumba ambamo mimi naingia na kutoka. Mwishowe nilihamia kwa shangazi, ng'ambo ya shamba la mahindi, nikawa naja nyumbani mchana tu, baada ya kupiga kelele njiani ili ajue nakuja.

Kutoka kwa shangazi nilimwona kila asubuhi, kwa mbali, mtu mwembamba ameota jua na kitambaa shingoni. Nilikuwa natafuta jinsi anavyokaa. Akiinamisha kichwa nilidhani maumivu yameanza. Siku moja alikaa na mkono chini ya taya muda mrefu, nikaacha kupalilia, nikakimbia kwa mama kumuuliza. Alikuwa anakuna kovu. Shangazi alisema nitaugua mimi kabla yake. Usingizi ulikuwa haba, na chakula nilikila kwa kulazimishwa. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyefanya wasimkate shingo. Majibu yakiwa mabaya, kansa itakuwa imepewa nafasi ya kutembea kwa sababu yangu.

Tulirudi Iringa siku tuliyoambiwa. Safari hii daktari alitukalisha ofisini kwake, mzee ndani karibu na meza, mimi kizingitini nimegeukia nje, mama kati yetu. Nilimsikia akifungua droo. Alisoma kimyakimya. Bustanini mtu alikuwa akifyeka majani, nikakazana kumtazama panga lake.

"Ni uvimbe wa tezi ya mate," daktari alisema. "Si kansa. Matezi ya karibu nayo ni safi."

Nilimgeukia mama kutafsiri na maneno ya Kinyakyusa yakanipotea yote. Kabla sijayapata, nyuma ya mama, mzee alikuwa ameshaelewa. Alimwambia mkewe mwenyewe, taratibu, kwa ule mdomo uliopinda, kwamba wanakwenda nyumbani.

Daktari aliongeza ya kwake. Kidonda cha mdomo kilikuwa kansa ya kweli na hakikufutwa na habari hii njema. Aonwe mara kwa mara Mbeya, na aache ugoro. La kwanza mzee alilitimiza. La pili mama alilitimiza kwa niaba yake, kwa kutupa kila kibuyu cha ugoro alichokikuta, na waligombana juu ya hilo kwa muda wote waliobaki pamoja. Pembe ya mdomo ilirudi kiasi. Mama alisema ukimjua sana ndiyo utaona tofauti.

Mimi na mzee hatukusemeshana tena. Nilitoka njiani kama zamani, na yeye alikohoa mapema ili nipate nafasi. Wapo wanawake wa kule walionisema. Mama aliwajibu mwenyewe, sikujua kwa maneno gani, wakaacha.

Mume wangu alirudi kutoka migodini baada ya mvua za mwaka uliofuata. Barua nilizomwandikia zilikuwa zimempata nusu tu, kwa hiyo alidhani anarudi kwenye kaburi. Hakukaa hata kunywa chai. Aliacha sanduku lake mlangoni, akapanda lori la kwanza la kwenda Rungwe, na mimi nilikaa na sanduku lile bila kulifungua karibu juma zima. Aliporudi alikuwa na mkungu wa ndizi begani na matope hadi magotini. Nilimuuliza amemkutaje.

"Tulikuwa tunapalilia kahawa," alisema, akaomba maji ya kuoga.